Kagua Kwanza, Hadithi Baadaye: Mwongozo wa Sanamu Ndogo za Kukusanya Mjini Goma

Mjini Goma sanamu ndogo za kukusanya humfikia mnunuzi kwa njia tatu. Kuna za plastiki, ambazo huvuka mpaka wa Petite Barrière kutoka Gisenyi, Rwanda, ndani ya mifuko ya akina mama wachuuzi, kisha humwagwa juu ya turubai mtaani Birere pamoja na ndala, chaja za simu na mabakuli. Kuna zinazoletwa na ndugu walioko Brussels, Paris au Montréal, zikiwa zimefichwa ndani ya soksi katikati ya sanduku zisivunjike. Na kuna zinazochongwa hapa hapa Kivu: gorila wa mti, mwendesha chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kusukuma) na mzigo wake wa makaa, vinyago vyenye nyuso za Walega. Askari wa deraya, joka, mwanaanga na mfalme wa kale wanaweza kukutana kwenye rafu moja ya sebule ya Himbi au Katindo.

Mzazi anayenunua moja na mkusanyaji mwenye mia huuliza swali lile lile: nitajuaje kama hii ni nzuri? Jibu langu ni kwamba kitu kikaguliwe kwanza, hadithi yake isikilizwe baadaye. Kila muuzaji ana hadithi. Mwenye vinyago atakuambia, "Hii ni ya zamani sana, papa, ilikuwa ya babu." Kijana wa Birere atakuambia, "Ni original, mama, original ya Ulaya." Huenda wote wawili wanasema kweli. Ila mti, plastiki na rangi vina ushahidi wao, na ushahidi huo hausomwi kwa masikio.

Za plastiki

Sanamu ndogo za plastiki za aina tunayoijua leo zilianza kwa majina makubwa mawili. Playmobil ilitoka Ujerumani mwaka 1974, kazi ya mbunifu Hans Beck wa kampuni ya geobra Brandstätter. Sanamu zake zina urefu wa sentimita 7.5 hivi. LEGO ni ya mji wa Billund, Denmark, kampuni iliyoanzishwa na seremala Ole Kirk Kristiansen mwaka 1932. Sanamu yake ndogo yenye mikono na miguu inayogeuka ilitokea mwaka 1978, ikiwa na urefu wa sentimita 4 tu bila kofia. Tangu mwaka huo wa kwanza ilikuja katika mazingira matatu: mjini, kwenye ngome ya kale na angani. Kwa hiyo historia na anga zilikuwapo tangu mwanzo. Mambo ya hekaya yalifuata: mzuka unaong'aa gizani mwaka 1990, joka mwaka 1993.

Mwaka 2010 LEGO ilianza kuuza sanamu moja moja kwenye pakiti iliyofungwa, mnunuzi asijue atampata nani. Mfululizo wa kwanza ulikuwa na sanamu 16, miongoni mwao mtu wa mapangoni, ninja, mzuka-maiti, roboti na mwanaanga. Huko Marekani pakiti ilianza kwa dola 1.99, mwaka 2021 bei ilifika dola 4.99 na mfululizo ukawa na sanamu 12. Bei hizo zinamsaidia mtu wa Goma kwa namna moja rahisi. Mfuko wenye sanamu kumi unaouzwa kwa bei ya chupa mbili za Fanta hauna hata moja iliyotoka Billund. Si dhambi kuununua, kwani mwigo uliotengenezwa vizuri unaweza kuwa mchezo mzuri wa mtoto. Dhambi ni kuulipia bei ya asili.

Ukitaka kujua, ng'oa kichwa. Juu ya shingo kuna kinundu, na kwenye sanamu za asili za miaka ya karibuni juu yake limeandikwa neno LEGO kwa herufi ndogo zilizoinuka. Tenganisha kiwiliwili na miguu, utayakuta tena maandishi hayo juu ya vinundu viwili vya nyonga. Kisha geuza mkono polepole: unatakiwa kusogea kwa ulaini wenye ukinzani, ubaki pale ulipouacha. Mkono unaoanguka wenyewe, au unaokwaruza ukipanda, umetoka kwenye kalibu mbovu au umechakaa. Pitisha ukucha kwenye ubavu wa mguu. Mstari wa kalibu ukiwa mkali kama makali ya kisu, hiyo ni kazi ya haraka.

Chapa ya uso na nguo ndiyo inayowadanganya wengi, na ndiyo inayostahili muda wako. Angalia sehemu ambayo rangi nyeupe au ya njano imepakwa juu ya plastiki nyeusi. Kazi nzuri huwa na nyeupe iliyo nyeupe kweli; kazi ya kulipua huonyesha weusi ukichungulia chini, nyeupe ikageuka kijivu. Angalia pia mistari inayovuka kutoka kifuani kwenda miguuni, kama mkanda au koti refu. Ikikutana sawasawa, mtengenezaji alijali. Ikiwa picha ya kifua ni stika iliyobandikwa na si chapa, joto na jasho la mikono ya watoto vitaibandua.

Kuna jaribio la maji ambalo linafaa kufanyiwa nyumbani, si mbele ya mchuuzi. Plastiki ngumu ya ABS, ambayo LEGO na waigaji wake bora huitumia, ni nzito kidogo kuliko maji matupu, hivyo huzama taratibu. Weka kipande kisicho na tundu la kushika hewa, mfano mkono au upanga. Kikielea, ni plastiki nyepesi ya jamii ya ndoo na mabeseni. Kisha yeyusha chumvi nyingi kwenye maji mpaka isiyeyuke tena: ABS itaelea humo, lakini PVC laini, ile yenye harufu kali na ulaini wa mpira, kwa kawaida itazama. PVC laini mara nyingi hulainishwa kwa kemikali za jamii ya fthaleti, ambazo Umoja wa Ulaya uliziwekea kikomo kikali kwenye midoli kwa agizo la mwaka 2005. Sanamu inayonata mkononi au inayonuka hata baada ya kuoshwa isikae kinywani mwa mtoto.

Kwa sanamu za mitumba, makosa ya kutafuta yanajulikana. Kiwiliwili hupasuka ubavuni, chini ya kwapa, ufa mwembamba usioonekana mpaka uugeuzie taa. Plastiki nyeupe na ya buluu hubadilika rangi kwa jua. Miguu hulegea. Alama za meno huwa kwenye mikono na kofia. Ufa wa kiwiliwili haurekebiki. Mguu uliolegea unaweza kubadilishwa na mwingine. Hapo ndipo bei ijadiliwe.

Na ukiambiwa kuna sanamu adimu, uliza idadi. Mfano maarufu ni Mr. Gold wa mwaka 2013, mtu wa dhahabu mwenye kofia ndefu, aliyetolewa nakala 5,000 tu duniani kote. Waigaji wamemtengeneza kwa wingi. Akionekana kwenye turubai ya Birere katikati ya sanamu nyingine za rangi ya dhahabu, huhitaji kufikiri sana.

Historia, hekaya na anga

Kila kundi kati ya haya lina swali lake, na ni vibaya kuyapima yote kwa kipimo kimoja.

Sanamu ya historia ina kitu cha kulinganishwa nacho, hivyo iulizwe ukweli. Nguo, silaha na kofia ni za wakati mmoja? Farao wa mfululizo wa pili wa LEGO (2010), malkia wa Misri wa mfululizo wa tano (2011) na askari wa Kirumi wa mfululizo wa sita (2012) ni mifano ya sanamu unazoweza kuzikagua huku umefungua kitabu cha historia cha mwanafunzi wa sekondari. Lakini uliza pia inamwonyesha nani, na kwa uso gani. Kwa miaka 25 nyuso zote za LEGO zilikuwa za njano. Rangi halisi za ngozi zilianza mwaka 2003, kwa wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA na kwa Lando Calrissian wa Star Wars. Mtoto wa Goma anayetafuta uso unaofanana na wake kwenye sanamu za zamani hataupata, na mzazi ajue sababu.

Hapa lazima nimtaje Tintin. Kitabu cha mchoraji Mbelgiji Hergé kuhusu safari ya kikaragosi huyo Kongo kilianza kuchapishwa kwa sehemu mwaka 1930, na michoro yake ya Wakongomani ni ya dharau: midomo iliyovimba, akili ya kitoto, utii kwa mzungu kijana na mbwa wake. Mwaka 2007 Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alikishtaki kitabu hicho Brussels, na mwaka 2012 mahakama ikakataa madai. Hata hivyo wachongaji wa Kongo, hasa wa Kinshasa, wameendelea kuchonga Tintin kwa mti na kumpaka rangi, maana wageni hununua. Mtu anayechonga ili alishe watoto wake simlaumu. Ninachomwomba mnunuzi ni atazame Tintin amechongwa pamoja na nani. Akiwa peke yake na mbwa wake, ni sanamu ya kikaragosi cha kigeni. Akiwa amebebwa na watu weusi wenye nyuso za kitabu kile, sebule yako inarudia maneno ya kitabu kile kila siku, na watoto wanayasikia.

Sanamu ya hekaya haina asili ya kulinganishwa nayo. Hakuna aliyepima joka. Hiyo iulizwe ukamilifu. Mabawa, mikia, fimbo, vitambaa na taji ndivyo vinavyoifanya iwe kiumbe kile na si kingine, na ndivyo vinavyopotea kwanza. Mchawi bila fimbo yake ni mzee mwenye ndevu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuta picha ya sanamu nzima kwenye simu na uhesabu vipande. Kanuni hii inafaa hata kwa hekaya zetu. Mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki aliyechorwa sana na wachoraji wa Katanga katika miaka ya 1970, anatambulika kwa nywele ndefu, nyoka wake na mara nyingi saa mkononi. Mchongaji akikuuzia samaki mwenye kichwa cha mwanamke bila chochote kati ya hivyo, amefanya nusu ya kazi.

Sanamu za anga ndizo ninazozipenda zaidi, kwa sababu zinaonyesha watu walivyoifikiria kesho. Mwanaanga wa kwanza wa LEGO wa mwaka 1978 alivaa nyekundu au nyeupe, na kifuani alikuwa na alama ya chombo kikizunguka sayari ya dhahabu. Ukimpata, kagua mambo mawili tu: alama hiyo kama haijafutika, na ukanda mwembamba wa kidevuni kwenye helmeti kama haujakatika. Ukanda ule ulikuwa dhaifu kiasi kwamba filamu ya LEGO ya mwaka 2014 ilimwonyesha mwanaanga Benny akiwa na helmeti iliyokatika pale pale. Kwa mtoto wa kike wa kwetu, sanamu ya kutafutwa ni Mae Jemison, daktari aliyekwenda angani mwaka 1992, mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Alitolewa mwaka 2017 kwenye seti ya wanawake wa NASA.

Na asiseme mtu kwamba anga si letu. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya OTRAG ya Ujerumani Magharibi ilirusha roketi kutoka Shaba, yaani Katanga, wakati wa Mobutu. Baadaye Mkongomani Jean-Patrice Keka alirusha roketi zake za Troposphère kutoka Menkao, nje kidogo ya Kinshasa, na ile ya mwaka 2009 ilimbeba panya. Halafu kuna Rigobert Nimi, msanii wa Kinshasa aliyezaliwa mwaka 1965, ambaye alianza kwa kutengeneza magari ya kuchezea kwa vitu vilivyotupwa, kisha akafika kujenga vituo vikubwa vya anga vyenye roboti na taa, kwa bati, plastiki na nyaya. Kazi zake zimeingia katika makusanyo ya sanaa ya kimataifa. Kijana wa mtaa wa Majengo hapa Goma anayekata kopo la maziwa na kulifanya roketi yumo katika njia hiyo hiyo. Ukikagua kazi yake, angalia kingo za bati zimekunjwa ndani zisikate mkono, na viungo vimebanwa kwa kukunjwa au kwa ribiti badala ya gundi peke yake. Kisha mlipe vizuri.

Za mti

Chukudu ndogo ndiyo sanamu ya Goma kuliko nyingine zote. Ile kubwa ya rangi ya dhahabu imesimama kwenye mzunguko wa barabara katikati ya mji, na ndogo zake zinauzwa kwa wageni kila pahali. Nyingi ni vipande viwili vya mti na magurudumu mawili. Nzuri inamjua mwenye chukudu. Ina pedi ya mpira pale anapopigia goti, ina mpira wa tairi uliozungushiwa gurudumu, na usukani unaogeuka kweli. Mzigo umefungwa mbele na nyuma kwa namna unavyofungwa barabarani kutoka kijiji cha Kibumba. Mwili wa dereva umeinama mbele, mguu mmoja ukisukuma. Chukudu ambayo dereva wake amesimama wima kama askari wa gwaride ilichongwa na mtu ambaye hajapanda chukudu, au aliyekuwa na haraka.

Gorila nao wana wachongaji wao pande zote mbili za mpaka. Tazama mikono: gorila hutembea kwa kukunja vidole, akikanyaga kwa viungo vya vidole. Mchongaji anayejua hili huonyesha ngumi iliyogusa ardhi. Asiyejua huchonga kiganja kilichonyooka, na hapo umepata nyani mkubwa.

Neno "mpingo" hutumiwa ovyo sokoni. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi cha kuzama ndani ya maji. Mti mwepesi uliopakwa kiwi au rangi nyeusi huelea, na ukiusugua chini, mahali pasipoonekana, kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, kitambaa hutoka cheusi. Tazama pia mkwaruzo wowote: ukionyesha mti mweupe au wa njano chini ya weusi, umepata jibu. Sanamu ya mti wa kawaida wenye rangi yake ya asili ni bora kuliko mwigo wa mpingo, na mara nyingi mchongaji mwenyewe atafurahi ukimwambia unaitaka hivyo.

Mti mbichi hupasuka. Sanamu iliyo baridi na nzito kwa unyevu, yenye harufu ya shina lililokatwa juzi, itafanya ufa kuanzia kichwani ndani ya wiki chache, hasa ikisafiri kwenda nchi zenye vyumba vyenye joto kavu. Uliza ilichongwa lini, kisha tazama kitako, maana hapo ndipo ufa huanza.

Tazama kitako tena kwa ajili ya bungua. Vitundu vya duara visivyozidi milimita mbili, vyenye unga laini unaomwagika ukigonga sanamu juu ya karatasi nyeupe, maana yake mdudu yuko kazini. Tundu la zamani halina unga na ndani yake ni jeusi. Sanamu yenye bungua usiiweke karibu na nyingine. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili mfululizo. Umeme ukikatika siku nzima, hesabu upya. Ukiitoa, iache ndani ya mfuko mpaka ipate joto la chumba, isije ikajaa umande.

Vitu vya kale, na pale ambapo hupaswi kununua

Kati ya sanamu zote ndogo za mashariki ya Kongo, za Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi ndizo zenye elimu nzito kuliko zote. Zilikuwa mali ya bwami, chama chenye ngazi nyingi kilichofunza maadili, na kila sanamu ilikuwa na jina, mithali yake na mahali pake katika mafunzo. Sakimatwematwe, yule mwenye vichwa vingi, alifundisha mtu kutazama jambo kwa pande zote. Sanamu za pembe za ndovu zilikuwa za ngazi ya juu kabisa, kindi. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipiga marufuku bwami mwaka 1948, na sanamu nyingi zikatoka mikononi mwa wenyewe kwa shinikizo, kwa mauzo ya dharura au kwa kunyang'anywa. Mtafiti Daniel Biebuyck, aliyekaa na Walega katika miaka ya 1950, aliandika majina na mithali hizo. Bila rekodi ya namna hiyo sanamu hubaki uso tu.

Kwa hiyo mtu anapokuletea jioni kinyago kilichofungwa kwenye gazeti akisema ni cha bwami, cha kale, kuna mambo mawili yanayowezekana na yote yanakukataza kununua. Ama ni kipya kilichozeeshwa kwa moshi, mafuta ya mawese na udongo, na unaibiwa. Ama ni cha kale kweli, na huenda kimeibiwa. Uzee wa bandia unatambulika: wa kweli huwa mwingi pale mikono iliposhika, mashavuni na mabegani, na mdogo kwenye mikunjo, wa bandia uko sawa kila mahali, au umejaa mikunjoni peke yake ambako tope liligandia. Lakini ustadi huo wa kutambua usikushawishi kununua. Sheria ya Kongo namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni, na kutoa vitu vya kale nje ya nchi bila idhini ni kosa. Anayetaka kuviona vizuri vipo kwenye Makumbusho ya Taifa mjini Kinshasa, jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2019.

Pembe za ndovu ni mwiko wazi, ziwe mpya au kuukuu. Tembo wa Afrika aliwekwa kwenye orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES mwaka 1989, na sheria ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira namba 14/003 ya mwaka 2014 inaadhibu biashara ya wanyama wanaolindwa na sehemu za miili yao. Pembe ya kweli iliyokatwa huonyesha mistari myembamba inayopishana kama wavu kwenye uso wa mkato. Mfupa huonyesha vitone vyeusi vya mishipa. Plastiki haionyeshi kitu au huonyesha mistari iliyonyooka sawasawa. Ninayataja haya ili ujue ni lini urudishe kitu mezani. Hayo hayo ni kwa meno ya kiboko, magamba ya kobe wa baharini na chochote kitokacho kwa gorila.

Mtoto akiwa nyumbani

Sanamu za kukusanya hazikutengenezwa kwa watoto wachanga. Kipimo kinachotumiwa kimataifa ni mrija wenye upana wa milimita 31.7: kipande chochote kinachoingia humo kizima kinaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka 3. Kunja karatasi ngumu upate mrija wa kiasi cha sentimita 3.2, jaribu kofia, panga, vichwa na magurudumu. Karibu vyote vitaingia. Tundu lililoko juu ya vichwa vya sanamu za LEGO za miaka ya karibuni liliwekwa ili hewa ipite kichwa kikikwama kooni. Miigo mingi haina.

Sanamu za anga zenye taa zina hatari nyingine, kubwa zaidi: betri ya saa. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili tu, hata kama hasikii maumivu mwanzoni. Usisubiri itoke kwa choo, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, na ueleze kwamba ni betri. Usinunue mchezo wowote ambao kifuniko cha betri yake kinafunguka kwa ukucha bila bisibisi. Rangi inayobanduka nayo ni sababu ya kukataa, hasa nyekundu na njano za kung'aa zisizojulikana zilikotoka, kwa kuwa rangi zenye risasi bado zipo sokoni.

Kutunza

Vumbi la Goma ni la lava, na lava iliyosagwa ni kioo na madini makali. Ukilisugua kwa kitambaa kikavu linakwaruza plastiki na kufuta chapa. Lipeperushe kwanza kwa brashi laini ya rangi, kisha osha plastiki kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo. Mti usioshwe, upanguse kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kupiga brashi. Sanamu za bati zinahitaji varnishi au mafuta membamba, maana moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira huingiza asidi kwenye mvua na unyevu wa hewa, na kutu huanza mapema. Mji uko juu, karibu mita 1,500, jua lake ni kali. Rafu isikabili dirisha.

Mwisho ni karatasi. Kwa kila sanamu andika umeipata wapi, kwa nani, lini, kwa bei gani, ni ya nini na ina kasoro gani, kisha uipige picha mbele, nyuma na kitako. Kwa kinyago kipya mwombe mchongaji akuandikie stakabadhi yenye jina lake, mwaka, aina ya mti, na maneno kwamba ni kazi mpya. Stakabadhi hiyo ndiyo utakayomwonyesha ofisa wa forodha pale mpakani Grande Barrière ukiulizwa kama unabeba kitu cha kale. Na jina la mchongaji liandike pia chini ya kitako kwa penseli, kwa sababu stakabadhi na sanamu huachana mapema kuliko unavyotarajia.